Tshibumba aliwachora wachimbaji wa Katanga. Sisi nani atatuchora?

BUTEMBO. Katika ofisi ya sindika yetu kuna ukuta mmoja mtupu. Kuta tatu zingine tumezibandika makaratasi: barua tulizoandikia wakubwa, nakala za kanuni ya madini, orodha ya waliolipa mchango na wasiolipa. Yote kwa Kifaransa, yote na mihuri. Mchimbaji akiingia anaketi kwenye benchi, anangojea zamu yake, anayaangalia makaratasi yale sawa mtu anayeangalia mvua. Hayasomi. Wala hatumlaumu, maana hata sisi tulioyaandika hatujayasoma mara ya pili.

Mama mmoja mjane ndiye aliyetufanya tuuone ukuta ule. Alitoka Beni kwa pikipiki, kilometa 54 za vumbi na barieri, akaingia na mtoto mgongoni. Bwana wake alikuwa mmoja wa watu watatu waliobaki chini wakati shimo moja lilipoanguka, upande wa magharibi wa Lubero. Miili haikutolewa hata leo. Tulidhani amekuja juu ya pesa ya matanga, ile ambayo mwenye shimo anatuzungusha nayo kila mwezi. Apana. Alikuja kuuliza kama tunajua mtu wa kuchora.

“Picha yake ilikuwa mu telefone, na telefone alishuka nayo chini,” alisema. “Sasa batoto banauliza: papa alikuwa anatumika wapi? Mi sikufika kule hata siku moja. Munitafutie mutu anichorele ile shimo, na bale bote batatu benye balikuwa mule.”

Katika miaka yetu ya kazi tumeshaombwa vitu vingi: jeneza, wakili, bashi, mfuko wa unga, barua ya kumtoa mtu kashoni. Picha ilikuwa mara ya kwanza.

Mchoraji tunamjua. Ana kibanda cha mbao kando ya barabara, katikati ya mshona viatu na mama anayeuzisha bunyui, na wasomaji wengi wa hapa mjini wameshapita mbele yake bila kugeuza kichwa. Jina lake hatulitaji. Yeye mwenyewe ameomba, anasema wenye kumdai nao wanasoma gazeti. Lakini kazi yake mnaijua. Vile vichwa vinne kwenye mlango wa saluni, kila kimoja na nywele zake na namba yake, ni vyake. Ng'ombe anayecheka kwenye ukuta wa buchari, ingawa anajua kinachomngojea, ni wake. Daudi na Goliati kanisani, ramani ya Kongo kwenye ukuta wa shule, majina ya watoto kwenye tangi la pikipiki, kaliko za tarehe moja mwezi wa tano, kaliko za uchaguzi (hizo analipwa kabla, si nyuma, alishajifunza). Na ile picha ya duka ambayo kila mwenye duka anaitaka, jeneza la Mkopo na wadeni wanalia pembeni: “Crédit est mort.” Anasema ameshamzika Mkopo mara nyingi kuliko padri yeyote wa jimbo, na Mkopo anafufuka kila Jumatatu.

Anachora pia majina kwenye misalaba. Tangu Oktoba 2014, wakati watu walipoanza kuchinjwa Beni, Oicha, Mbau na Eringeti, kazi hiyo haijamkosa. Hapendi kuiongelea. Alituambia tu kwamba msalaba ni kazi ya haraka, rangi mbili, na kwamba akiulizwa bei huwa anataja bei ya rangi peke yake.

Kuna miaka alipata kazi nyingi: ya Ebola. Ugonjwa ulitangazwa tarehe 1 mwezi wa nane 2018 kule Mangina, ukaisha mwezi wa sita 2020, nyuma ya kuua watu 2287. Mnakumbuka mabango ya siku zile. Ya kwanza yalitoka mbali, na watu waliochorwa juu yake walikuwa na nyumba ambazo hapa hazipo na nguo ambazo hapa hazivaliwi. Raia waliyaangalia, wakasema: ule ni ugonjwa wa watu wale. Nyuma yake ndipo wachoraji wa hapa walianza kuitwa, wachore mama wa kikwembe cha hapa, ndoo ya hapa, mazishi kama tunavyoyajua. Mchoraji wetu alifanya karatasi nyingi kwa shirika moja, akalipwa sehemu, sehemu nyingine bado anaingojea. Lakini anasema ile ndiyo mara ya kwanza alipoona watu wanasimama mbele ya mchoro wake na kubishana. Hata wale walioutupia mawe, anasema, walikuwa wameusoma kwanza.

Ndani ya kibanda, chini ya meza, kuna sanduku la bati. Bibi yake analiita “mke wa kwanza.” Mle mna noti za zaïre zenye Mobutu na chui, timbre za wakati wa Wabeleji, kalenda za kampuni za pombe, maboksi ya viberiti, karatasi za makopo ya sardini, kurasa za kitabu cha jeografia, na albamu moja ya Barly Baruti, yule mtoto wa Kisangani aliyefikisha katuni zake mpaka Ulaya, albamu haina tena jalada. Amekusanya tangu yuko darasa la nne. Mtu akimwomba chui kwa ajili ya bango la klabu ya mpira, anafungua sanduku, anatoa noti ya Mobutu, anamchora chui yule. “Chui wa kweli sijamuona,” anasema. “Huyu njo chui wangu.” Mtu alitaka kumnunulia noti zile, akakataa. Siku ileile alikuwa amekopa chumvi kwa jirani.

Tulipomweleza ombi la mama mjane alinyamaza, akainama, akatoa sandukuni fotokopi moja iliyokunjwa mara nne. Wino umefifia. Ni picha ya watumikaji wa Union Minière wakipigwa risasi. Imesainiwa Tshibumba K.M.

“Huyu alishaichora hii kazi yenu,” alisema.

Sisi watu wa sindika tuliona haya. Jina la Léonard Mpoyi tulilijua kwa mafunzo ya kazi, tunalitaja kila mwaka kwenye hotuba. Jina la mtu aliyelichora hatukulijua. Basi tulitafuta, tukauliza walimu, tukasoma tulichopata, na tunawaletea hapa.

Tshibumba Kanda Matulu alizaliwa 1947 Elisabethville, mji ambao leo ni Lubumbashi. Alichora juu ya kitambaa cha magunia ya unga, anakibana kwenye mbao, anaandika maneno machache ya Kifaransa juu ya picha, anasaini, kisha anazunguka miji ya madini akiuzisha mwenyewe. Wanunuzi wake hawakuwa matajiri. Walikuwa watumikaji wa Gécamines, watu wa reli, makarani, walimu: watu wenye mshahara mdogo, kiti kimoja kizuri na ukuta juu ya kile kiti.

Katika miaka ya sitini na sabini nyumba nyingi za Katanga zilikuwa na tablo moja au mbili pale wageni wanapoketi. Kulikuwa na Mamba Muntu, mwanamke mwenye mkia wa samaki anayeleta mali na kuharibu ndoa. Kulikuwa na Simba Bulaya, simba wa Ulaya anayekula watu usiku. Na kulikuwa na ile iliyoitwa Colonie belge: uwanja wa gereza, mfungwa amelala tumbo chini, askari mweusi ameinua fimbo, mzungu amesimama anaangalia, wake wa wafungwa wameleta chakula. Watu waliziita kwa neno moja, ukumbusho.

Tulijiuliza: mtu aliyepigwa fimbo na Wabeleji, au baba yake alipigwa, kwa nini anunue fimbo ile kwa mshahara wake, aitundike mahali anapokunywa chai? Muzee mmoja aliyekaa Likasi wakati wa ujana alitucheka. Alisema: nyinyi mnafikiri picha ile ilisema juu ya Wabeleji peke yao? Wakati wa Mobutu ulikuwa hauwezi kusema askari anapiga raia. Lakini picha ya askari wa zamani, nani atakukataza? Unaketi na mgeni, unaangalia ukuta, mnaelewana, hakuna aliyefungua kinywa.

Wachoraji wengi walirudia picha hizo kwa sababu ziliuzika. Tshibumba naye alizirudia, tablo ileile mara nyingi, maana ndiyo iliyonunua unga. Lakini moyoni alikuwa na kazi nyingine. Alijiita mwanahistoria. Alikuwa anakusanya: hadithi za wazee, habari za radio, alichosoma shuleni, alichosikia kambini. Mchoraji wetu wa Butembo ana sanduku la bati. Yule wa Lubumbashi alikuwa na sanduku hilo kichwani.

Mwaka 1973 alikutana na Johannes Fabian, mwalimu wa chuo kikuu cha Lubumbashi, Mjerumani kwa kuzaliwa, aliyekuwa anachunguza mambo ya watu wa kawaida. Tshibumba alikuja kumuuzishia tablo, sawasawa alivyokwenda kwa mtu mwingine yeyote. Katika maongezi ilionekana kwamba anaweza kuchora historia ya nchi nzima, kama kuna mtu wa kuinunua nzima. Mnunuzi alipatikana. Mpaka mwisho wa 1974 alikuwa ameleta tablo 101: falme za zamani, kufika kwa wazungu, fimbo, kazi, uhuru, Lumumba, Katanga kujitenga, vita, Mobutu, na mwishoni hata mambo ambayo yalikuwa hayajafika bado. Lumumba alimchora akifa kama Yesu, na misalaba mitatu nyuma yake, kwa sababu walikufa watatu: yeye, Mpolo na Okito, tarehe 17 mwezi wa kwanza 1961, si mbali na mji wa Tshibumba mwenyewe.

Kila picha ilipofika, wawili wale waliketi na mashini ya kunasa sauti. Tshibumba alieleza kwa Kiswahili. Si Kiswahili cha vitabu, ni kile cha Katanga, ndugu wa hiki chetu. Fabian alitoa kitabu 1996, kwa Kiingereza, na maongezi yenyewe ya Kiswahili yamewekwa kwenye intaneti neno kwa neno. Mwenye telefone nzuri na megabaiti anaweza kuyasoma leo akiwa Manguredjipa, siku netiweki inapokubali.

Sasa ile picha ya fotokopi. Desemba 1941 vita ya wazungu ilikuwa imepamba moto na shaba ya Katanga ilitakiwa na majeshi. Kazi iliongezwa. Bei sokoni zilipanda, mshahara ulibaki palepale. Mwafrika hakuruhusiwa kuwa na sindika; ruhusa ile, tena nusunusu, ilikuja 1946 tu. Watumikaji wa Union Minière waligoma bila ruhusa, Jadotville na Elisabethville. Tarehe 9 walikuwa wamekusanyika kwenye uwanja wa mpira wa Elisabethville. Gavana wa Katanga, Amour Maron, alifika mwenyewe. Mpoyi alisema kwa niaba ya wenzake. Alipigwa risasi, na askari wakafyatua juu ya kundi. Makumi walikufa. Hesabu ya serikali na hesabu ya watu hazijakutana mpaka leo.

Tshibumba alizaliwa miaka sita nyuma ya risasi zile. Hakuziona. Alizisikia kwa watu waliozisikia. Na hapo ndipo sisi wa sindika tunapaswa kusimama kidogo, maana makaratasi ya siku ile yaliandikwa na waliopiga risasi na na waliowalipa. Waliopigwa hawakuacha karatasi. Walichoacha ni maneno ya jioni kambini, na miaka thelathini baadaye mwenye brashi akayaweka juu ya gunia la unga na kuyapeleka kwenye ukuta wa mchimbaji mwingine.

Kitu gani kilimpata mtu huyu? Bei ya shaba ilianguka katikati ya miaka ya sabini. Kisha vita mbili za Shaba, 1977 na 1978. Mshahara wa mtumikaji ulipokosa kutosha unga, tablo ndiyo ilikuwa kitu cha kwanza kuacha kununuliwa. Tangu 1981 hivi habari za Tshibumba hazikupatikana tena. Kaburi lake halijulikani. Alikuwa na umri wa miaka kama thelathini na nne.

Tablo zake zile 101 ziko Amsterdam, kwenye nyumba ya makumbusho. Mkusanyo mwingine mkubwa wa tablo za Kongo, karibu 2000, ule wa mwanahistoria Bogumil Jewsiewicki, uko Tervuren, Ubelgiji. Mwaka 2016 baadhi zilionyeshwa Bruxelles, na mmoja wa wawili walioupanga uonyesho ule alikuwa Sammy Baloji, mtoto wa Lubumbashi. Chéri Samba aliyeanza kwa mabango kule Kinshasa, kazi ileile ya vichwa vya saluni, leo picha zake zinaning'inia Paris na New York.

Juu ya jambo hili kamati yetu iligawanyika, na hatutaficha. Wengine walisema: ni ileile hadithi ya kolta na dhahabu, inatoka chini ya mikono yetu kwa bei ya chumvi, inaenda kung'aa kwingine. Wengine walijibu: lakini angalia, zile zilizobaki kwenye nyumba za Kolwezi ziko wapi? Mchwa, mvua, vita, njaa. Mtu aliyenunua alizitunza, na asingenunua, leo tungekuwa na jina la Mpoyi bila sura. Sisi tunaona wote wana haki, na kwamba kosa halikuwa kwa aliyenunua. Tshibumba alitaka kuuzisha, alikuwa na watoto wa tumbo lake na wa mawazo yake. Kinachotuuma ni kwamba hatukusoma popote kwamba sindika ilimwagiza. Sindika ilikuwapo, ilikuwa na pesa za michango, ilinunua kofia na bendera.

Basi tuliagiza. Dola 40, nusu mbele. Kitambaa cha amerikani, kwa sababu gunia la unga la siku hizi ni la plastiki, rangi inakataa kushika.

Hatukujua kwamba picha moja itatuletea kazi kuliko barua kumi. Mchoraji hajawahi kushuka shimoni, basi alitaka tumweleze. Tulimleta mtu aliyetoka mzima siku ile, fundi wa kuweka miti. Walikaa siku tatu. Miti ya karatusi ilisimama namna gani, kamba ilifungwa wapi, nani alikuwa na baramina, nani alikuwa anapitisha mifuko, maji yalianza kulia upande gani. Fundi yule, ambaye kwa miezi yote hakutaka kusema kitu kwenye ripoti yetu, mbele ya kitambaa alisema vyote. Alikuwa anachukua mkono wa mchoraji, anausogeza. “Apana, yeye alikuwa chini zaidi. Chini zaidi. Pale.”

Mchoraji alikuwa amewavalisha kofia ngumu za njano, amezitoa kwenye kalenda moja ya sandukuni. Fundi aliangalia, akauliza: “Kofia? Nani alikuwa na kofia?”

Hapo ugomvi ukaanza, na ugomvi ule ulikuwa ndani yetu. Mwenzetu mmoja, mtu mwenye akili, alisema kofia zibaki. Picha itatundikwa ofisini, vijana wataiona, wazoee kumuona mchimbaji na kofia. Tumekuwa tukidai kofia miaka yote. Mwingine akasema: tukiwavalisha kofia wafu hawa, mwenye shimo atakuja kupiga picha ya picha yetu, aipeleke kwa wakubwa, aseme muone, niliwapa. Saa mbili tulibishana. Mwishowe tulimpigia simu mama wa Beni. Hakufikiri hata kidogo. “Bakufe na kofia ya uongo? Mutoe.”

Zikatolewa. Mchoraji alipaka weusi juu ya njano, na ukikaribia sana unaona bado njano kidogo kwenye nywele za mtu wa katikati, sawa mwanga wa tochi. Hatukumwambia airekebishe.

Kulikuwa na swali lingine, la mwenye shimo. Alikuwa juu siku ile, ameketi chini ya mwavuli na telefone sikioni; fundi alisema hivyo, na mwavuli ulikuwa wa rangi gani. Mchoraji alimchora kwanza uso wote. Usiku hakulala. Asubuhi alitupigia simu: “Bamuzee, miye niko na kibanda cha mbao, na mbao inawaka.” Tulimwelewa, sisi pia tuna ofisi ya mbao. Tulikumbuka yule muzee wa Likasi na fimbo ya Wabeleji. Sasa mwenye shimo amegeuka, tunaona mgongo tu, na mwavuli. Kila mchimbaji anayeingia ofisini anauliza swali moja: “Ule wa mwavuli ni…?” Halafu hamalizi.

Maana ndiyo, picha ilitundikwa kwenye ule ukuta mtupu, wiki tatu. Katika wiki zile tatu tuliandikisha wanamemba kuliko mwaka uliotangulia. Wengine walikuja kuangalia tu. Mmoja alikaa benchini nusu siku, akaondoka bila neno, akarudi kesho yake na ndugu yake.

Kisha alifika mgeni, mtu wa shirika fulani, mwenye heshima zake, aliyekuja kwa mambo mengine. Aliiangalia picha, akaipiga, akauliza bei. Tulisema haiuzishwi. Akasema dola 200. Tuseme kweli: pumzi zilikatika. Dola 200 ni masomo ya watoto wa mama yule mwaka mzima na kitu kinabaki. Ni mara tano ya tuliyolipa. Mchoraji alikuwa pale, tuliona koo lake linapanda na kushuka. Hatukuwa na haki ya kukataa wala ya kukubali, kwani aliyeagiza hakuwa sisi.

Mama alikuja kutoka Beni siku ya pili. Ilikuwa mara yake ya kwanza kuiona. Alisimama mbele yake muda mrefu, mtoto mgongoni amelala. Hakulia. Alitafuta kwa kidole, akamkuta, yule wa chini zaidi, akauliza: “Njo huyu?” Fundi akasema ndiye. “Alikuwa na ile shati ya bululu?” Fundi akasema ndiyo, ile ile. Tulimweleza habari za mgeni na dola 200, tukamwambia aamue bila kutuangalia nyuso.

Aliuliza mchoraji: “Papa, unaweza kuifanya tena?”

Mchoraji akasema anaweza, hata mara kumi, sanduku limeshajua. Tshibumba naye alirudia zake.

“Basi mufanyie muzungu yake,” mama alisema. “Hii ya kwanza inaenda kwangu.”

Mgeni alikubali, hata alionekana kufurahi kwamba atapata mpya. Tuligawa hivi: picha ya pili kwa mgeni, dola 150 kwa watoto, 50 kwa mchoraji. Na ya tatu kwa ofisi, tukipata pesa ya amerikani. Tulimsaidia mama kuikunja ile ya kwanza ndani ya bashi, tukaifunga kwa mpira wa tairi nyuma ya pikipiki, tukamwonya dereva juu ya mashimo ya barabara. Mama aliketi ameushika mzigo kwa mkono mmoja nyuma ya mgongo, chini ya miguu ya mtoto.

Jioni ile mchoraji alirudi ofisini. Alisimama mbele ya ukuta uliobaki mtupu, akapima kwa hatua, akaomba nusu ya pesa ya rangi. Tena akauliza kama fundi wa miti anaweza kuja tena Jumatatu, kwa sababu kamba hakuichora vizuri.